Pembe Nne za Shuka

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Anayebisha aje kwetu nimpe moja lililokauka juani, nione atakavyohangaika nalo, mara kidevu, mara goti, mwisho analiburuza chini na kazi yote inaanza upya. Linataka watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake anashika pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka likaze, mnalikung'uta, halafu mnaendeana mpaka mikono yenu ikutane. Hapo mmoja anampa mwenzake pembe zake na kuinama kuokota mkunjo. Hiyo ndiyo kazi aliyoanza nayo mdogo wangu alipoletwa kwetu, na ndiyo iliyompa jina. Tunamwita Pembe.

Pembe ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu, na anayetaka kusema binamu aseme kivyake. Mama mdogo alikufa mapema, akamwacha mikononi mwa mwanawe mkubwa, kaka yake Pembe, fundi wa kuchomelea milango na mageti ambaye kila mtu humwita Fundi, sisi ndugu zake tukiwemo. Alimlea vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu nina mdomo, na mbele huko nitamsema vibaya, na mtu asije akadhani alikuwa mnyama.

Udobi wetu uko uani, nyuma ya nyumba. Kuna karo za saruji, mapipa ya kulowekea, kibanda cha kupigia pasi, stoo ya sabuni, na kamba zinazokwenda kutoka ukuta hadi ukuta. Tunafua mashuka ya nyumba za wageni na ya hospitali. Kwa hiyo mengine yamelaliwa na wapenzi na mengine yamelaliwa na watu ambao hawakuamka, na yakishatiwa buluu huwezi kujua lipi ni lipi. Ua ukijaa, humwoni aliye kamba ya pili. Unaona miguu yake tu, chini ya mashuka. Upepo ukivuma kidogo, mashuka hujaa na kutoka kifua mbele, na hapo utaapa kuna mtu amesimama nyuma yake. Mimi nimezaliwa humo humo, lakini hata leo nikipita katikati ya kamba hutazama chini nione miguu. Nikiikosa, naongeza mwendo.

Sauti ilimjia Pembe kwa kaka yake, akiwa msichana mkubwa. Haikuzungumza naye. Ilizungumza habari zake. Ilikuwa ya mwanamume, kavu, isiyo na haraka, na ilieleza kila alichofanya. "Anaamka. Anatafuta kandambili. Moja haioni." Fundi alikuwa akimkuta dada yake amesimama katikati ya chumba, mkono umeinuliwa nusu, anasubiri maelezo yaishe ndipo aendelee. Baadaye ile sauti ikaacha kumfuata, ikaanza kumtangulia. Ikisema atatoka, anatoka. Ikisema chakula kina kitu, hali. Siku moja ilisema, "Sasa anavuka barabara," naye akavuka, katikati ya malori, bila kutazama kushoto wala kulia. Fundi alimkimbilia, akamvuta mpaka shati lake likachanika. Jioni hiyo hiyo alichomelea komeo la chuma, akalifunga kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Kwa nje.

Alikaa humo kwa muda ambao Fundi hapendi kuutaja, na mimi sitautaja kwa niaba yake. Sisi tuliambiwa Pembe amesafiri. Mimi na Mama tulikuwa tumekwenda kuwasalimu, tumekaa sebuleni, wifi anatuletea chai, tukasikia mlango unagongwa huko nyuma. Haukupigwa. Uligongwa taratibu, kwa adabu, ukanyamaza, ukagongwa tena, hodi ya mgeni asiyetaka kusumbua.

"Mgeni wenu anabisha hodi," alisema Mama.

Fundi alitazama kikombe chake.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu," Mama akasema, akainuka na kwenda kufungua mwenyewe. Sitaeleza tulichokikuta. Nitasema tu kwamba Pembe hakututazama. Alikuwa ananong'ona, "Mlango umefunguliwa. Wanawake wawili. Mmoja analia." Aliyelia ni mimi.

Fundi alikubali tumchukue, kwa sharti moja. Akipotea tena kama siku ile ya malori, atakuja kumrudisha kwenye kile chumba, na hataki maneno ya mtu. Mama alikubali. Tangu siku hiyo komeo lile lilikuwa linatungoja, na sote tulijua.

Hospitalini muuguzi alitutajia jina la ugonjwa, skizofrenia. Mama alijaribu kulitamka, akakwama, akajaribu tena, akaliacha. "Jina lenyewe linahitaji dawa," alisema. Muuguzi alicheka, halafu akatueleza vizuri. Dawa zingeipunguza sauti, pengine zisiiondoe kabisa. Pembe alihitaji kuzinywa bila kuruka, kulala, kula, kuwa na kazi, na kuwa na watu.

"Watu tunao," Mama alimwambia, akinitazama mimi. "Tena wengine wana mdomo."

Siku za mwanzo alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, karibu na ukuta, mikono ikimtetemeka kwa dawa. Mama hakumbembeleza. Alikwenda na shuka, akamwekea pembe mbili mapajani, akarudi nyuma na zake, akasubiri. Mama alikuwa na subira ya kuudhi. Mimi pasi yangu ilipoa nikiwatazama. Mwishowe Pembe alizishika zile pembe, akasimama, na wakaendeana. Mikono yao ilipokutana, Pembe alitazama huku na huku kama mtu aliyezimiwa redio ghafla.

"Amenyamaza," alisema.

"Nani?"

"Yule anayenisema. Pembe zikikutana hukosa la kusema."

Zilipoachana ilianza tena. Lakini alikuwa amepata mahali pa kupumzikia, hata kama ni padogo kiasi hicho.

Sheria yetu ilitungwa kwenye kamba. Pembe alisimama ghafla na vibanio mdomoni, akavitema, akamgeukia Mama. "Mama Mkubwa, umesikia?"

Mimi nilifungua mdomo niseme ndiyo, ili yaishe. Mama alinifinya.

"Sijasikia," alisema. "Wewe umesikia, nakuamini. Mimi sijasikia. Yote mawili ni kweli."

Kisha akatugeukia sisi wote, na majirani waliokuwa wameleta nguo, na muuza mkaa. Alisema kuanzia leo, mtu yeyote akiulizwa na huyu mtoto "umesikia?", atajibu ukweli. Amesikia, hajasikia, basi. Asicheke, asibishane, asihubiri. Na atakayesema uongo kwa kumhurumia, mashuka yake akayafue mtoni.

Watu walishika. Ilikuwa ajabu kuona. Mwenye duka la mbele, mafundi cherehani waliokuja kuchukua maji, hata mlevi wa mtaa aliyekuwa akipita kuomba moto wa sigara, Pembe akiuliza, wanasimama, wanasikiliza kweli, wanajibu. "Sijasikia, dada." Au, "Hiyo nimesikia, ni mbuzi wa jirani." Na yeye anatikisa kichwa, anarudi kazini. Ile sauti nayo, Mama ndiye aliyeipa jina, akaiita Mtangazaji, kwa vile ilitangaza kila kitu kama mpira redioni.

"Mtangazaji anasemaje leo?" nilimwuliza siku moja nikipiga pasi.

"Anasema unaunguza shuka la watu."

Nikainua pasi. Palikuwa pameanza kuwa pa njano. Tulicheka sana, lakini nywele za shingoni zilinisimama, na hazikulala upesi.

Hivyo ndivyo alivyorudi, taratibu, si siku moja. Kuna wiki alizolala tu. Kuna wiki alizoimba. Alinenepa, akajifunza kutia wanga, akaanza kuwagombeza wateja wanaoacha pini kwenye mito. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na lile lake alilijua hata tabia zake, wakati gani linaongea sana, wakati gani limechoka. Watu wakiniuliza, "Mgonjwa wenu anaendeleaje?", nilikuwa nikiwajibu kwamba mgonjwa simwoni, kuna dobi tu, tena mkali.

Halafu akaja Dereva.

Dereva alikuwa mtu mwema, na kosa lake lilikuwa la mtu mwema. Tulimchukua atuletee magunia ya mashuka kwa pikipiki ya mizigo. Tulimweleza sheria, akaitikia kwa kichwa, lakini moyoni aliona ni ukatili. Alikuwa amelelewa kwamba mgonjwa hapingwi. Siku moja ya mawingu walikuwa wawili tu uani, Pembe akasimama, akamwuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia, dada," alisema Dereva kwa upole. "Nimesikia, usiwe na wasiwasi."

Pembe hakumwuliza amesikia nini. Angeuliza, mambo yangeishia hapo. Alitabasamu, akachukua beseni lake, akaenda zake. Dereva aliondoka akijiona amefanya jema. Siku hiyo sauti ilipata shahidi.

Sisi hatukujua. Tulichoona ni kwamba Pembe ameacha kuuliza. Siku zikapita, hakuna "umesikia" hata moja. Basi tukafurahi! Mama alisema mtoto amepona. Mimi nilinunua soda. Hatukufikiri kwamba mtu huacha kuuliza akishapata jibu.

Kisha akaacha kukunja na sisi. Alichagua foronya na taulo, vitu vya mtu mmoja. Ukimpelekea pembe za shuka anasema ana kazi nyingine. Nami nikiwa napiga pasi shuka la hospitali, pasi ikagota kwenye pindo. Nikapapasa, kuna kidonge. Mbele yake kingine. Pindo zima lilikuwa limejazwa vidonge, vimepangwa vizuri, mshono umerudishiwa kwa mkono. Nilikwenda kwenye rundo, nikapapasa pindo za mashuka mengine, na huko nako vilikuwepo. Tulikuwa tunavirudisha hospitali ndani ya mashuka yao wenyewe.

Nilitoka mbio uani kumtafuta, nikasimama. Alikuwa ameanika mashuka yote kwenye kamba za katikati, shuka juu ya shuka, mpaka pakawa na chumba cheupe kisicho na mlango. Na yalifika chini kabisa, yanagusa matope. Dobi hafanyi hivyo. Dobi anaweza kuacha chungu kiungue, haachi shuka safi liguse chini. Nilitafuta miguu, sikuiona.

"Dada yake amefika," ilisema sauti ndani ya mashuka. Lilikuwa koo la Pembe lakini haikuwa sauti yake. Ilikuwa kavu, haina haraka. "Anasimama. Anatafuta miguu. Anaogopa."

Naam, niliogopa. Sioni haya kusema. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho niliyomsikia Mtangazaji, na nilielewa kwa nini mtu angemtii.

Nilipomwita alitoka upande wa pili, akakimbilia stoo ya sabuni, akajifungia. Mtaa ulijaa getini. Kuna aliyempigia simu Fundi, maana habari mbaya haikosi tarishi. Alikuja na mashine yake ya kukatia chuma.

"Nakata bawaba, namtoa, tunakwenda," alisema. "Tulikubaliana."

"Ukiwasha hiyo kitu," Mama alimwuliza, "unadhani humo ndani atasikia nini?"

Fundi aliitazama mashine, akaiweka chini. Hapo Dereva akapenya katikati ya watu, kofia mkononi, analia kama mtoto. Akasema yeye ndiye aliyesema amesikia. Mama alimtazama kwa jicho ambalo sitaki kulieleza. Halafu akamwambia asimweleze yeye, akaueleze mlango.

Dereva alichuchumaa. "Dada, ni mimi. Siku ile nilikudanganya. Sikusikia kitu."

Sauti ikajibu ndani: "Anasema hakusikia. Wamemfundisha aseme."

"Hakuna aliyenifundisha. Nilitaka kukufurahisha tu. Niliona unaogopa, nikakuonea huruma. Sikusikia kitu, dada. Sikuwahi kusikia kitu."

Mama alichukua shuka bichi kutoka kwenye karo, akapiga magoti kwenye saruji, yeye na magoti yake mabovu, akazisukuma pembe mbili chini ya mlango. Zake akazishika mkononi. Tuliona shuka limelala tu sakafuni, maji yanatoka. Nilihesabu pumzi za Mama.

Shuka likasogea. Likajivuta polepole, mpaka likakaza.

"Anashika pembe," ilisema ile sauti kavu ndani. "Anasimama. Anafungua." Na kitasa kikazunguka, Pembe akatoka na pembe zake mbili, akamwendea Mama mpaka mikono ikakutana. "Mama Mkubwa," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "nimechoka."

Alilazwa, akarudishiwa dawa, akarudi. Dereva hatukumfukuza. Alikuwa sasa ndiye mkali wa sheria kuliko sote, hata akiulizwa saa anafikiri kwanza. Lakini Fundi alituwekea sharti jipya pale pale getini, mbele ya watu. Alimwambia Mama, "Naona ni wewe unayemshikilia. Basi siku usipokuwepo, nitakuja kumchukua. Nilimzika mama yetu, siwezi kumzika na yeye."

Mama alisema sawa, akaongeza kwamba hana mpango wa kwenda popote. Lakini mwenye mpango hakuwa yeye. Msimu uliofuata moyo wake ulisimama akiwa ameketi kwenye kiti chake, anakagua madoa. Shuka lilikuwa bado limeshikwa mkononi. Tulidhani analitazama.

Tulimzika. Nikarudi kazini, kwa sababu watu wanaendelea kulala na mashuka yanaendelea kuchafuka. Pembe alifanya kazi ya watu watatu na kuninyamazia, maana mdomo wangu siku hizo ulikuwa unauma kila mtu. Kila geti lilipolia tulitazamana. Hatukuwa na haja ya kusema tunamngoja nani.

Alikuja alasiri, mawingu yakijikusanya, tukiwa tunakunja.

"Poleni na kazi," alisema Fundi. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu, nikayasingizia moto wa kuchomelea. "Nimekuja kama tulivyokubaliana."

"Mlikubaliana nani na nani?" nilimwuliza.

"Mimi na marehemu."

"Basi kamdai marehemu."

"Usinianzie mdomo wako. Chumba nimekipaka rangi. Nimeweka dirisha kubwa, na feni. Atakaa vizuri."

"Na komeo?" aliuliza Pembe. Hakuwa ameziachia pembe zake, na mimi sikuwa nimeziachia zangu. Shuka lilikuwa katikati yetu, limekaza.

Fundi alilitazama lile shuka. "Komeo lipo," alisema.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya Mama. Ilitoka nyuma yangu, kamba ya tatu, ile ya mashuka makubwa, kwa ukali ule ule wa miaka yote: "Wewe mdomo! Mvua! Anueni!"

Niligeuka. Mashuka yalikuwa yamejaa upepo, yametoa kifua. Nilitazama chini kutafuta miguu yake, ile miguu yenye visigino vilivyopasuka kwa sabuni. Niliona matope na ncha za mashuka. Nilijua tumemzika. Udongo niliutupia kwa mkono wangu. Lakini niliisikia kama ninavyojisikia mwenyewe.

"Umesikia?" nilimwuliza Pembe.

Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye. Pembe alisikiliza kwanza, kichwa upande, kama sheria inavyotaka. Nami nilijua jibu, na nilitaka anidanganye. Nilitaka kwa roho yangu yote. Neno moja tu, "nimesikia", na Mama angekuwa yupo kamba ya tatu mpaka mwisho wa maisha yangu, wala nisingemwuliza mtu tena.

"Sijasikia, dada," alisema. "Wewe umesikia, nakuamini. Mimi sijasikia."

Nililia pale pale, nimeshika pembe za shuka, siwezi hata kujifuta. Pembe alinisogelea mpaka mikono yetu ikakutana, akazichukua pembe zangu. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Na wewe, kaka? Umesikia?"

Angeweza kusema tuna wazimu wote wawili na nusu ya mtaa ungemuunga mkono. Angeweza kuniuliza ni yupi kati yetu amchukue. Nilimngoja aseme. Alitazama chini, kule kule nilikotazama mimi.

"Hapa sijasikia," alisema. "Nyumbani ndiyo nasikia."

"Unasikia nini?"

"Mlango. Ule wa nyuma. Unagongwa. Polepole, vile vile ulivyokuwa unagonga wewe. Tangu siku waliyokuchukua. Naenda, nafungua komeo, ndani hamna mtu. Nafunga, nikikaa tu, unaanza. Nimekipaka rangi kile chumba, unagongwa. Nimeweka dirisha, unagongwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilisema ukirudi mle, angalau nitajua ni nani anayegonga."

"Wifi anasikia?" aliuliza Pembe.

"Sijamwuliza."

"Miaka yote hii?"

"Nitamwulizaje? Si atasema nina wazimu."

Pembe alicheka. Alicheka kweli, mpaka akalazimika kuliegemeza shuka kifuani. "Karibu," alimwambia. Kisha akaacha kucheka. "Nenda kamwulize. Mwulize unapousikia, hapo hapo, usingoje asubuhi. Akisema hasikii, mwamini. Akisema anasikia, njooni wote wawili, tutawapa kazi."

Matone yakaanza, na tukaacha kila kitu tukakimbilia kamba. Mvua ilikuja kweli. Hilo halithibitishi kitu, mawingu kila mtu alikuwa ameyaona. Fundi alianua na sisi, vidole vyake vilivyokomazwa na chuma vikikwaruza vitambaa vya watu, na kamba ya tatu nilimwachia yeye. Mvua ilipokatika aliondoka peke yake. Hakuaga.

Hatukujua kama angerudi na mashine yake. Pembe alikunja kwa nguvu siku hizo, na mara mbili nilimkuta amesimama akilitazama geti huku midomo yake ikitembea.

Alirudi asubuhi moja, mapema, mashuka yakiwa bado kwenye maji. Alikuja mpaka kibandani kwangu, akaweka komeo juu ya meza ya pasi. Lilikuwa limekatwa, ncha zake bado zinang'aa.

"Nimemwuliza," alisema. "Hasikii."

Pembe alikuwa amesimama nyuma yake na shuka begani. "Na wewe?"

Fundi aligeuka. "Mimi bado nasikia."

Pembe alilishusha shuka, akatafuta pembe mbili, akampa.

"Rudi nyuma," alimwambia. "Mpaka likaze."